Matuta ya Mgongoni Mwako

Babu yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa na hasira, na wewe ndiye uliyejua kunivumilia nikiwa hivi.

Unakumbuka Juni za Mgeta, baridi ilipokupasua ngozi? Ulinikalisha nyuma yako karibu na moto, ukavua shati ambalo hukulivua mbele ya watu hata mtoni. "Mke wangu, paka mafuta taratibu." Vidole vyangu vilipanda na kushuka juu ya makovu. Nilipokuuliza ni nini, ulijibu, "Matuta," ukacheka. Nami nikacheka, mtoto nisiyejua kitu. Baada ya kukuzika ndipo baba aliponieleza: wakoloni waliwalazimisha kuchimba matuta milimani, ukasema shamba la mama yako haliguswi. Wakakulaza kifudifudi mbele ya kijiji kizima, bibi akitazama, wakakuchapa viboko. Ulikataa kuchimba matuta, wakayachimba mgongoni mwako.

Wiki iliyopita tuliwapeleka wanafunzi wa shule ninayofundisha huku Dakawa kwenda mjini, kwenye jumba la makumbusho lenye zana za adhabu za zamani. Kulikuwa na minyororo ya shingoni. Kulikuwa na mkatale, gogo lenye matundu ya kubania miguu. Na juu ya meza, kiboko cha ngozi, kimekauka, kirefu kuliko nilivyodhani. Kazi yake niliijua kwa vidole vyangu.

Mwenzangu, mwalimu wa nidhamu, akakichukua, akakipunga hewani. "Hiki ndicho kinachowafaa nyinyi! Wazungu walijua kulea." Watoto wakacheka. Hata mwongoza wageni akacheka.

Babu, nilimpokonya. "Kitu kama hiki kilimchana babu yangu!" Sauti iliyonitoka sikuijua. Nikawasimulia habari zako, pale pale. Kicheko kikakatika. Binti mmoja, Zaituni, akauliza, "Baada ya kupigwa, alichimba, mwalimu?"

"Hakuchimba."

Mwenzangu akasafisha koo. "Sasa hiyo ni historia, mwalimu. Sisi tunachapa kwa upendo."

Kwa upendo! Neno hilo nilirudi nalo hadi shuleni.

Jumatatu Zaituni alichelewa. Yule bwana akamsimamisha mbele ya paredi, akamwambia anyooshe mikono. Miguu yangu ilitangulia kabla sijaamua. Nikasimama katikati yao, nikanyoosha mikono yangu. "Anza na mimi."

"Mwalimu, toka. Unaniaibisha."

"Anza na mimi, nimesema."

Alinitazama, akawatazama watoto, kisha akaitupa fimbo chini na kuondoka. Zaituni alilia, ingawa hakuguswa.

Mkuu wa shule ameniita. Anasema nimemdhalilisha mwenzangu, kwamba ninaweza kuhamishwa. Nimemjibu anihamishe, huko nitakakopelekwa nina mikono hii hii.

Wenzangu wananishauri nitulie, eti yalishapita. Yamepita wapi? Nina hasira na waliokulaza chini. Nina hasira na aliyekishika kiboko siku ile kwa amri yao, mtu wa kwetu, aliyekuwa akikuita ndugu. Zaidi ya wote nina hasira na sisi, tuliowafukuza wenye kiboko tukabaki na kiboko, tukakifanya cha kwetu, tukawafundisha watoto wetu kukicheka.

Wewe pumzika, Babu. Ulikwishamaliza yako.

Mimi sitatulia.

Mjukuu wako