Kibarua cha Kuumwa

Jumatatu, 4 Machi
Nimepata kazi ya kuumwa. Kweli! Watafiti wa chuo cha udaktari wanataka kujua daktari mzoefu anawazaje, na mwanafunzi anawazaje. Mimi najilaza, naumwa kidole tumbo cha uongo. Daktari ananipima huku anasema kwa sauti kila kinachompitia kichwani. Kamera inarekodi. Niliishia kidato cha pili, lakini leo nimemtoa jasho msomi mzima.
Dada kasema kuumwa kwa uongo sikufundishwa chuoni, nilianza zamani, siku za mtihani wa hesabu. Wivu huo.

Jumanne, 5 Machi
Wanafunzi tu leo. Mmoja kauliza maswali mpaka nikataka kusinzia: nimekula nini, nimelala wapi, bibi yangu alikufa kwa nini. "Labda figo. Labda ini. Labda minyoo." Minyoo, mimi! Nikaguna pale nilipoelekezwa, nikaongeza na chozi la bure. Mtafiti, ninayemwita Mama Kamera, kanifokea: chozi halimo kwenye maelezo. Msanii hathaminiwi.

Alhamisi, 7 Machi
Leo mzoefu. Bibi wa mvi, miwani kwenye kamba. Hata hajakaa: "Kakunja mguu wa kulia, hataki kuguswa. Kidole tumbo." Kwisha! Nilikuwa bado sijaguna.
Halafu kaniwekea kipimo kifuani. Kakisogeza, kasikiliza tena. "Tumbo ni la kuigiza. Huu moyo si wa kuigiza. Una mlio wa ziada."
Mama Kamera: "Dokta, moyo haumo kwenye maelezo."
"Kwa huyu umo."
Akaulizwa kwa nini asikilize moyo wa mgonjwa wa tumbo. "Sijui, mkono ulikwenda wenyewe." Akaniangalia tena. "Labda shingo. Mshipa wake unaruka sana." Mama Kamera akaandika mpaka nikachoka kumtazama.
"Ukipanda ngazi unahema, mjukuu wangu?"
Nikamwambia naumwa tumbo tu, ndivyo nilivyoelekezwa. Nikacheka. Yeye hakucheka. Kanipa siku ya kurudi, bila kamera.
Bibi huyu atakiotesha nyasi kibarua changu.

Ijumaa, 8 Machi
Nimepanda ngazi za kwetu mbio, makusudi, nimkomeshe. Nikakaa chini katikati. Viatu vizito hivi. Dada kapita, kauliza nimemaliza nauli? Nikamwambia nafunga kamba. Ni ndala.
Usiku nikamwambia Dada ukweli.

Jumatatu, 11 Machi
Hospitali ya kweli, kitanda cha kweli. Dada kaja, kaomba ruhusa kazini. Bibi kanipaka mafuta ya baridi kifuani, anapitisha kidude, anatazama kioo cha mashine. Nikamwambia, "Dokta, si useme unawaza nini, kama juzi?"
"Geukia kushoto, mjukuu wangu."
Katazama sana. Kisha kasema nisishuke kitandani, katoka kumwita mwenzake. Naandika nimelala ubavu, mafuta yananata kwenye karatasi. Dada kauliza naumwa wapi. Siumwi popote, nimemwambia, popote kabisa. Kanishika mguu. Hajanitania hata kidogo. Wanarudi, ni wengi—