Udongo Unaoutaka, Kaka

Paranthan,
Kilinochchi.
28 Novemba 2010

Mpendwa Kaka Sivanesan,

Salamu nyingi zikufikie huko Toronto, wewe na wifi Vasuki. Mgongo wako unaendeleaje na hiyo baridi? Sisi tu wazima. Mvua zimeanza, na paa letu bado ni turubai.

Barua yako niliipata. Unataka udongo wa kaburi la binti yangu Suganthi, muuweke ukumbini kwenu siku ya mashujaa. Kaka, kaburi halipo. Vita vilipokwisha, jeshi la serikali lilipitisha tingatinga makaburini, likajenga kambi. Sasa askari wanacheza mpira wa wavu juu ya mwanangu.

Mimi nilitaka achomwe kama ilivyo mila yetu, majivu yaende baharini. Wapiganaji wetu, waliokuwa wakipigania nchi yetu wenyewe, wakakataa, wakasema shujaa hachomwi, hupandwa kama mbegu. Nani angebishana nao? Majivu yasingefukuliwa na mtu.

Wiki iliyopita ilikuwa sikukuu ya taa. Niliwasha langoni, zizini, na moja kisimani, alipopenda kukaa Suganthi. Askari wakaja, maana kuwaomboleza wapiganaji waliokufa ni marufuku.

“Mama, unamwashia nani?” mmoja akaniuliza.

“Mungu Murugan. Tulianza kabla hujazaliwa.”

“Na ile ya kisimani?”

“Kisima nacho kina giza, mwanangu.”

Akaizima kwa buti. Alikuwa rika la Suganthi, na nilimchukia hivyo hivyo.

Lakini sikufichi, hasira yangu nawe ni kubwa zaidi. Wenzetu walipowaozesha binti zao mapema ili wasichukuliwe vitani, nasi tulikwisha kumpatia Suganthi mchumba, ukaandika kwamba nyumba isiyotoa mtoto haina haki ya nchi. Wewe ndiye mkubwa wetu, uchumba ukavunjwa, wapiganaji wakamchukua. Wanao walikuwa shuleni huko. Mkuki kwa nguruwe, kaka. Hiyo nchi hatukuipata, na hata shamba la baba limezungushiwa seng'enge za jeshi.

Udongo siutumi. Usiniombe tena.

Mama anakubariki; macho yake hayaoni tena, ila jina lako analitaja kila asubuhi. Nisalimie wifi na mwanao Kugan. Nasikia Arani wako ametimiza miaka kumi na saba, umri aliokuwa nao dada yake Suganthi alipochukuliwa. Mungu amtunze, na asitokee mtu wa mbali wa kukuandikia barua kuhusu mwanao.

Dada yako, akupendaye hata hivyo,
Kamalambikai