Ngazi ya Nivaldo

Betim, Jumapili jioni

Shemeji Adelmo,

Pole na baridi ya Lisbon. Huku mapapai yameiva, na mama yako bado anagombana na kuku wa jirani. Kiwanda cha magari cha hapa kiliacha zamani kuunda gari la Uno, lakini letu jeupe, lile marehemu kaka yako Nivaldo alilozunguka nalo akifunga laini za simu majumbani mwa watu, bado linawaka ukizungusha ufunguo mara moja tu. Ngazi yake iko palepale juu ya paa. Sijaigusa tangu tumzike.

Unaukumbuka utani wetu, kwamba duniani hakuna gari la kulishinda mbio Uno lenye ngazi? Alhamisi mama yako alibanwa na kifua. Nikampakia kumkimbiza hospitali, nikakanyaga mafuta. Shemeji, kile kilima cha barabara kuu lilikipanda kama mbuzi. Malori yakasogea pembeni, madereva wakicheka.

"Mpisheni mwenye ngazi," mmoja akapaza sauti.

Mama yako, mkono kifuani, akawatazama wote.

"Dalva," akaniambia, "mwanangu bado wanampisha."

Sasa yuko nyumbani, anapumua vizuri. Umeandika tuliuze gari. Sawa, ila njoo kwanza uiteremshe ngazi kwa mikono yako, mama yako akikutazama.

Shemeji yako,
Dalva