Doria ya Kivukoni

Kambi ya Mlimani
3 Machi

Shemeji yangu,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, hofu ni juu yenu. Mdogo wangu hajambo? Kama bado anakupikia bila chumvi, vumilia. Kwetu tulikula hivyo hivyo na tukakua.

Redio umeisikia. Balozi wetu ameitwa nyumbani na wa kwenu anafungasha. Wakubwa wangu wanasema serikali yenu inawaficha waasi wetu. Wakubwa wako wanasema sisi tunawapenyezea wapelelezi. Mkataba wa ulinzi wa pamoja umesimamishwa. Ile desturi yetu, kila kapteni kumwarifu mwenzake kabla askari wake hawajashuka kwenye kivuko cha mpakani, nayo imepigwa marufuku. Nimesoma amri hiyo mbele ya vijana wangu, wakatazama chini.

Barua hii nampa dereva wa boza la maji, maana yeye peke yake bado anaruhusiwa kuingia kambi zote mbili. Usiniletee taarifa tena. Mimi pia sitaleta.

Shemeji yako wa mlimani

*

Kambi ya Bondeni
6 Machi

Shemeji,

Salamu zimefika, nasi hatujambo. Mdogo wako alicheka kuhusu chumvi, kisha akanuna, na jana nimekula chakula hakina chumvi hata punje. Ahsante sana.

Marufuku huku nako imefika, tena na mhuri mwekundu. Lakini wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi ndio hawa vijana wangu na wako. Kwa hiyo sikia: kesho asubuhi Sajini Taratibu atashuka kivukoni na wenzake. Unamjua. Ndiye aliyembeba mgongoni yule askari wako aliyeumwa na nyoka, akapanda naye mlima mzima huku anamwambia, "Taratibu, mwanangu, taratibu."

Kama unaogopa kunijibu, usijibu. Mimi nakuarifu tu.

Shemeji yako wa bondeni

*

Kambi ya Mlimani
20 Machi

Shemeji,

Natumaini mko salama. Mimi afya ninayo, usingizi ndio sina.

Kila taarifa yako inafika. Nikishaisoma nawazuia vijana wangu kambini mpaka wako wapite. Sasa juzi mkuu wa brigedi alikuja, akakaa kwenye kiti changu, akaniuliza kwa nini doria zangu hazikutani na mtu. Nikamwambia ni bahati. Alinitazama mpaka chai yake ikapoa.

Nimekula kiapo, ndugu yangu. Ukinieleza askari wako wanapita wapi, kiapo kinanidai niseme. Nikisema, watategewa pale pale, nami nitakuwa nimewauza watu waliokula sahani moja na watu wangu. Nakusihi kwa heshima ya mama aliyekuoza binti yake, acha. Usinifanye nichague.

Shemeji yako wa mlimani

*

Kambi ya Bondeni
2 Aprili

Shemeji,

Leo salamu zimenishinda.

Sajini Taratibu amekufa kivukoni, pamoja na kijana aliyekuwa nyuma yake. Risasi zilitoka upande wenu.

Uliniomba niache kukuarifu, nikaacha. Niliona haya kumtesa mtu wa heshima kwenye kiapo chake. Sikukujibu, nikidhani kimya changu umekielewa.

Nijibu jambo moja tu. Ulikuwepo?

Shemeji yako wa bondeni

*

Kambi ya Mlimani
4 Aprili

Shemeji,

Nilikuwepo. Amri ya kupiga niliitoa mimi.

Ukungu ulikuwa mzito, tukaona watu wenye bunduki wanavuka. Yule askari wangu wa nyoka alinishika mkono, akasema, "Afande, huenda ni wa bondeni hao." Nikamjibu, "Wangekuwa wa bondeni ningeshaambiwa."

Nilikuomba uache, lakini moyoni sikuamini hata kidogo kwamba utaacha. Tangu umuoe mdogo wangu hujawahi kufuata neno langu hata moja. Sikujua ungeanza na hilo.

Wakubwa wangu wametangaza redioni kwamba tumeua waasi. Wananipongeza. Askari wa nyoka hali chakula tangu siku ile.

Shemeji yako wa mlimani

*

Kambi ya Bondeni
7 Aprili

Shemeji,

Huku wametangaza kwamba mliwaua kwa makusudi. Vifaru vimefika na vimepangwa nyuma ya jiko letu. Wapishi wanavipita na sufuria.

Wasuluhishi kutoka nchi jirani wamefungua kikao katika nyumba ya forodha. Ukweli wa kuvirudisha vifaru hivi tunao wewe na mimi, na ndio huo utakaotupeleka jela. Nimemweleza mdogo wako. Alilia, kisha akanipigia pasi sare.

Kesho nitawaambia kila kitu: taarifa zote nilizokuletea na siku niliyoacha. Sikulazimishi ufanye kama mimi. Ila nimenyamaza mara moja, na watu wawili wako kaburini.

Shemeji yako wa bondeni

*

Chumba cha Walinzi, Mlimani
9 Aprili

Shemeji yangu,

Nawasalimu wote. Barua yako dereva wa boza amenipitishia dirishani. Imenikuta mkanda na kofia wameshanivua.

Nilikwenda kwa wasuluhishi kabla haijafika. Nimewaambia wale hawakuwa waasi, na kwamba desturi yetu ndiyo iliyowaweka vijana hai siku zote ambazo serikali zetu zilikuwa zinatukanana. Mkuu wa brigedi aliuliza kama naelewa kwamba naishitaki nchi yangu. Nikamjibu kwamba kwanza nimejishitaki mimi. Vifaru vyetu vilikuwa vinanguruma tangu alfajiri. Mchana huu wamevizima. Sijui kwa muda gani.

Mdogo wangu akitaka kuja kunililia, mzuie. Aende kwanza kwa mjane wa Sajini, amtajie jina langu, amwambie huyo ndiye aliyetoa amri. Asimwambie ulikuwa ukungu.

Shemeji yako, ukiniruhusu kuitwa hivyo