Boma Letu Bado Halina Bati

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mdomo umezoea.

Boma la zahanati bado halijapauliwa. Mvua za masika zimeangusha ukuta wa nyuma, na mbuzi wa jirani wanajikinga jua humo ndani. Nikipita pale naangalia upande wa pili, mimi diwani wao.

Ulipokuwa mwenyekiti wa kijiji ukiita msaragambo wa kujenga zahanati, watu walipanda na mawe kutoka mtoni bila malipo, wakikutania kwamba unawafanyisha kazi kuliko mkoloni. Ni mimi niliyesimama mkutanoni nikawaambia wapumzike, hiyo ni kazi ya halmashauri, bajeti ipo. Wakanipigia makofi. Wewe uliniuliza jambo moja tu: "Mama, hiyo halmashauri inakula wapi?" Nilikucheka, Baba. Nilidhani umezeeka.

Sasa nakaa vikaoni huko Same na ninajua inakula wapi. Ushuru wa tangawizi, na bei ikianguka nao unaanguka. Vibanda vya soko. Zaidi ya hapo tunasubiri fedha za serikali kuu, nazo zikifika zimeshapangiwa kazi, sisi tunagonga meza na kukubali. Safari hii za zahanati zimekwenda kwa vijiji vilivyoonyesha nguvu za wananchi. Sisi tulikuwa na mbuzi.

Siku ya kukuzika walikuja wote bila kuitwa. Wanaume walichimba kaburi kwenye ule udongo wa mawe, wanawake wakabeba maji na kupika. Nikaingiwa na tamaa. Nilimwomba Mama Nakiete, uliyekuwa ukisimamia naye kazi, awarudishe watu kwenye zahanati. Alinijibu kwa upole kabisa.

"Huu ni msaragambo wa mzee. Ile si ulisema ni ya halmashauri?"

Juzi binti yake ameshuka Same kwa bodaboda, uchungu umeshamshika. Amejifungua salama, namshukuru Mungu, lakini nilipokwenda kumpongeza nilishindwa kumtazama mama yake usoni. Ni mimi, Baba. Nimewafundisha watu kungoja.

Pumzika sasa, umeshafanya yako. Jumapili, wakati wa matangazo kanisani, nitasimama niwaambie kwamba nilikosea. Jumatatu asubuhi nitakuwa mtoni nabeba mawe, aje mtu asije.

Mwanao,
Nakijwa