Picha za Bibi Harusi Zitalala Wapi

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini nikianza bila kukuamkia nitahisi umenikunjia uso.

Studio yetu ya Mtongwe ingali wazi. Mama ameshika kamera yako, nami nikitoka shule hukaa kwenye kompyuta. Ile programu yako ya kutengenezea picha ilijifunga malipo yalipokwisha, na neno la siri ulikwenda nalo. Basi nyumbani kukawa na mabishano! Kaka Rashid alitaka tulipie upya: ni nyepesi, yang'arisha uso mara moja, na studio zote za Likoni zinayo. Mimi nilitaka programu huria, ile anayotufundishia mwalimu wetu wa kompyuta. Walioiunda wameiacha wazi. Yeyote aweza kuitumia bure, kuikagua ilivyoundwa, hata kuirekebisha. Kaka akanicheka: "Cha bure hicho! Hata vitufe vyake vimejificha."

Kweli vimejificha. Nilijaribu kwanza picha ya Mama aliyopigwa siku ya Idi. Nikaiamuru iondoe madoa kwenye ngozi. Ikaondoa chunusi, ikaondoa na piko yote, yale maua meusi aliyochorwa mikononi. Mama akapiga ukelele: "Wewe! Nimekaa na piko mchana kutwa, umeniosha kwa dakika moja?" Ungecheka, Shangazi, kile kicheko chako cha kushika mbavu. Nakikosa sana.

Wiki iliyopita alikuja Bi Zuhura. Binti yake anaolewa, na anatafuta mpiga picha wa siku ya kupamba. Wajua ilivyo: wanawake peke yao, simu zimekusanywa mlangoni, bibi harusi amekaa kichwa wazi na dhahabu zake. Siku zote walikuita wewe kwa sababu hakuna mwanamume aliyewahi kuziona picha zako. Na Mama alikuwa ameshasema, tukiikosa harusi hii, chumba cha studio atampangisha muuza simu.

Bi Zuhura hakuuliza bei. Aliuliza, "Mwanangu, picha za binti yangu zitalala wapi?"

Wewe ungemjibu, "Zitalala kwangu," yakaisha. Mimi sina jina hilo bado. Kaka alikuwa ametuwekea ile ya kulipia tuijaribu, basi nikachomoa waya wa intaneti mbele ya Bi Zuhura, nikazifungua zote mbili. Ile ya kulipia ikagoma. Ikataka kwanza niingie kwenye akaunti ya mtandaoni, huko huko inakoweka nakala za picha. Ile huria ikafunguka, ikangoja kazi.

"Hii, Bi Zuhura, haina haja ya kutoka chumba hiki," nikamwambia.

Akautazama ule waya mkononi mwangu. "Basi siku hiyo usiuchomeke, wasikia?"

"Abee, nasikia."

Kaka amekubali, ingawa sasa aniita Fundi wa Bure. Kupamba ni Jumamosi, inshallah.

Pumzika, Shangazi, Mungu akuangazie kaburi lako. Nakuahidi hivi: nitamkabidhi Bi Zuhura albamu mkononi mwake, kisha nifute kila nakala iliyobaki. Na vile binti yake atakavyopendeza sitamhadithia mtu yeyote, hata rangi ya gauni. Hata wewe. Najua utatamani sana, lakini hata wewe.

Mwanao,
Tima