Fomu ya Shule Nimeshaijaza

Binti yangu,

Maharage yako jikoni. Yapashe moto, na usiyaunguze tena! Mwamshe baba yako kabla ya saa mbili.

Fomu iko chini ya bakuli la sukari. Nimeandika ~~shule ndogo ya huku kwetu~~ shule kubwa ya mjini.

Asubuhi uliposema hutaki kusoma shule ninapopika, nilinuna. Nikajua unaionea haya aproni yangu, nikatoka bila kunywa chai. Ukanifuata getini miguu peku: "Mama, pale walimu wote wanakula kwako. Nikipata alama nzuri, watasema ni za wali wako. Nataka nikashinde kati ya watu elfu mbili wasionijua."

Weee! Nilicheka hadi jirani akachungulia dirishani. Nimerudi ndani, nimefuta, nimesaini. Wewe umo bafuni unaimba, nami sitaki unione machozi.

Utapotea huko mara mbili tatu, utazoea. Mimi niliachishwa shule darasa la sita, na sikuwahi kuwa na kiburi kizuri kama hicho. Kipeleke mjini leo pamoja na fomu, kabla ya saa sita.

Mama yako, anayeringa kupita kiasi